Mgeni wa Mama Nila

Mama,

Shikamoo. Nimekaa kwenye benchi lako nje ya jiko, hapa Kirua. Jua limetoka baada ya mvua ya asubuhi, na naanza na lile ulilokuwa ukiliulizia mpaka mwisho: Mgeni nilimfikisha kwao. Nilimfikisha kama ulivyoniagiza. Halafu nikarudi naye. Usikasirike kwanza. Nitakueleza kwa utaratibu, na ukishasikia yote ndipo useme, ingawa najua hutasema, na hilo bado sijalizoea.

Nyumbani hawajambo. Ng'ombe wako mwekundu alizaa jike, na maziwa ni mengi mpaka tunagawa. Migomba miwili ya mshare nyuma ya zizi ililazwa na upepo. Fausti akaikata na kuwapelekea majirani ndizi zake, kwa hiyo siku ile nyumba nyingi za huku juu zilikula mtori wako. Kaburi lako amelijengea kwa vigae vyeupe. Mimi nilitaka vya kijivu, nikasema vyeupe vitachafuka kwa matope ya kihamba, humu migombani, lakini unamjua mwanao. Tumepanda masale pande zote na yameshika. Mimi nimestaafu kabisa sasa, wanafunzi wangu wa mwisho walinipa saa ya ukutani. Nikipika mtori bado naonja chumvi halafu nageuka kukuuliza kama imekolea. Nageuka kabisa, Mama, na mwiko mkononi.

Sasa Mgeni.

Unamjua kuliko mimi, lakini acha nimwandike, maana nimegundua kwamba kila mmoja wetu alikuwa akimwona kivyake. Kipicha kidogo, kinaenea kwenye kiganja, kina kioo na fremu ya shaba. Kimechorwa kwa mkono, kwa brashi ambayo lazima ilikuwa na unywele mmoja au miwili tu, kwa sababu ukikisogeza karibu na dirisha unaziona kope za yule mtoto moja moja. Ni mvulana ambaye sauti yake ilikuwa bado haijavunjika. Kilemba cha waridi chenye lulu, koti la kijani lenye maua ya dhahabu, na mkononi ameshika ua kama mtu aliyeambiwa alinuse halafu akasahau. Mtoto wa mfalme, huko Uhindini, zamani sana. Ulimvingirisha kwenye kitambaa cha satini, ukamlaza kwenye kopo la biskuti, na kopo likakaa juu ya kabati lako. Kila Krismasi ulimshusha, ukamfuta vumbi ambalo hakuwa nalo, na sisi tukaruhusiwa kumtazama mikono ikiwa nyuma. Ukatuambia, "Huyu ni mgeni. Ipo siku atarudi kwao." Ndiyo maana jina likawa Mgeni.

Ulitusimulia alivyokuja. Kabla Fausti hajazaliwa ulikuwa yaya mjini Moshi, kwa Mama Nila, mke wa mwenye duka la vitambaa. Nila alikuwa mtoto mchanga, rika langu. Mimi uliniacha hapa kwa Bibi, ukawa unapanda kuja kuniona Jumapili ukipewa ruhusa. Kisha ikafika ile miaka Wahindi wengi walipokuwa wakifunga maduka na kuondoka, na familia ile nayo ikafunga masanduku. Siku ya safari Mama Nila alikuita chumbani, akakutia ile picha mkononi, akasema, "Apolonia, hii weka. Weka vizuri." Babu yake mzaa mama alikuwa fundi wa kudarizi katika nyumba ya mfalme mmoja mdogo, na siku alipoaga kuja Afrika alipewa picha ya mtoto wa nyumba ile iwe kumbukumbu. Ndiyo hiyo ukakabidhiwa wewe, mwanamke wa Kirua. Na uliiweka. Sijaona mtu aliyeweka kitu namna ile.

Kuna mwaka ambao hatukuwahi kuuzungumza, mimi na wewe. Nauandika sasa kwa sababu bila huo mengine hayana maana. Fausti alikuwa amemaliza darasa la saba, amepata nafasi sekondari ya kulipia, na ameshapimwa suruali kwa fundi wa Himo. Baba alikuwa ametoka hospitali hana nguvu hata ya kushika panga, na kahawa ilikuwa haina bei. Ndipo akaja yule mzee kutoka Arusha aliyekuwa akizunguka vijijini kununua vitu vya kale. Nani alimwambia habari za Mgeni sijui. Ulimshusha, kwa heshima tu, ili mzee aone. Akamtazama kwa kioo chake cha kukuzia, akamlaza juu ya goti lake, akataja bei. Nakumbuka Baba alivua kofia. Wewe ukasema, "Si yangu. Mwenyewe atarudi." Mzee akapandisha. Ukamchukua Mgeni gotini pake, ukamvingirisha, ukamrudisha kwenye kopo, ukaenda kumwekea mzee chai.

Fausti alikuwa amesimama mlangoni. Tangu siku ile hakusimama nasi tena Krismasi kopo linaposhushwa. Kila mara alikuwa na kazi nje. Alishuka Himo kupakia mizigo, kisha Holili, kisha akanunua lori lake, Kanta, la kuvusha vitunguu na mahindi mpakani, na mtu akimtazama leo atasema amefanikiwa. Alikuezekea nyumba hii. Hakukulaumu kwa mdomo hata mara moja. Lakini akimtaja Mgeni alisema "bwana mkubwa", na wewe ulikuwa ukisikia.

Ulipokuwa umelala pale chumbani, umeshaacha hata uji, ulinishika mkono ukasema, "Mgeni arudi." Nikasema atarudi. Ukalala. Mengine uliyosema baadaye yalikuwa ya Kichagga cha utotoni kwako, na sikuyashika yote.

Basi baada ya matanga nikaanza kutafuta. Nilianzia kwa Mzee Jayanti, yule mwenye duka la nguo karibu na soko, ambaye nilikuwa nikinunua kwake vitambaa vya sare. Nikamwamkia, nikakaa kwenye stuli yake, nikamwuliza kama anakumbuka nyumba ya Mama Nila. Anakumbuka hata rangi ya mlango. Akaniambia Mama Nila na mumewe wote wawili walifariki Uhindini, miaka mingi imepita. Nikahisi kopo limekuwa zito mapajani, kwa sababu nilikuwa nimekwenda nalo. Kisha akasema, "Lakini Nila yupo. Aliolewa Kenya. Wana duka la vifaa vya ujenzi Voi."

Voi, Mama. Wewe ulikuwa ukiona ndege inapita juu ya mlima unasema labda Nila yumo anakuja kututazama, kumbe yuko hapo Voi anauza misumari na rangi.

Nilimpigia simu palepale dukani. Nikasema mimi naitwa Anisia, mtoto wa Apolonia wa Moshi. Upande wa pili sauti ya mtu mzima ikauliza kama sauti ya mtoto, "Yaya yupo?" Nikamwambia. Mzee Jayanti akajifanya anakunja kitambaa.

Fausti ndiye aliyenipeleka mpaka Holili. Njia nzima aliongea habari za tairi. Tulipofika akashusha begi langu, akalitazama kopo bila kuligusa, akasema, "Haya, mpeleke bwana mkubwa kwao. Akishafika labda na mimi nitapumua." Nikacheka, yeye hakucheka.

Pale mpakani binti wa ukaguzi alifungua kopo. Akamtazama Mgeni, akanitazama mimi, akauliza huyu ni nani. Nikamwambia ni mgeni wetu, alikaa kwetu muda mrefu, sasa namrudisha kwao. Akaniuliza kama ile ni dhahabu. Nikasema ni rangi tu. Akafunga kopo taratibu, akaniambia niwasalimie huko kwao.

Nyumba ya Nila iko nyuma ya duka. Alinipokea mlangoni, amenenepa, nywele nyeupe zote, magoti yanamsumbua. Alinishika mikono yote miwili akaniangalia usoni kwa muda. Nilijua anachotafuta. Mimi sikufanana na wewe, nimefanana na Baba, na nilimwonea huruma kwa hilo. Akaniletea chai yenye tangawizi, akaniletea chapati, akaniletea kila kitu, na mimi kila alipoweka sahani nilikuwa nasogeza kopo lisimwagikiwe.

Hotuba niliifanyia mazoezi tangu Taveta. Nikasimama, nikampa kopo kwa mikono miwili, nikasema mama yangu alikabidhiwa kitu hiki na mama yako, amekitunza mpaka mwisho wake, ameagiza kirudi kwenu. Nila akafungua. Akaifunua satini. Akaweka kiganja kifuani. Nikaona machozi, nikasema moyoni, Mama, umemaliza kazi yako.

Kisha akasema, "Dada Anisia, hii si yetu."

Nikadhani hajaitambua. Nikaanza kumweleza habari za babu wa mama yake, yule fundi wa kudarizi. Akatikisa kichwa, akasema anaijua, ameisikia maisha yake yote. "Mama alimpa Yaya. Ilikuwa zawadi."

"Alimwambia aweke," nikasema.

"Ndiyo. Alimwambia aweke. Iwe yake."

Nilikaa chini. Nila akanieleza polepole, kama mimi ninavyomweleza mtoto wa darasa la kwanza. Kwa Kigujarati, akasema, ukimpa mtu kitu cha moja kwa moja unamwambia neno ambalo kwa Kiswahili ni weka. Weka, kaa nacho, ni chako. Mama yake Kiswahili alikijulia jikoni na dukani, akalitafsiri lile neno kama lilivyokuwa kichwani mwake. Na wewe, Mama, Kiswahili ulikijulia hapohapo jikoni kwake, ukitoka kwenye Kichagga cha Kirua. Wanawake wawili mnapendana, kila mmoja mgeni katika lugha mnayozungumza. Angesema "chukua, ni yako", ungeelewa. Ungesema "nitakuwekea", naye angeelewa. Lakini alisema weka, wewe ukaitikia ndiyo mama, na gari lilikuwa likisubiri nje.

Nikamwuliza ana uhakika gani. Akacheka kidogo. Akasema nyumbani kwao picha ile ilikuwa ugomvi usiokwisha. Walipofika Uhindini bibi yake, mama wa baba yake, akafungua masanduku akauliza yuko wapi mwana wa mfalme. Mama Nila akajibu kwamba amempa aliyemlea mtoto wake, kwa sababu hakuwa na kitu kingine chenye hadhi ya kumpa. Mama mkwe hakumsamehe. Mpaka anakufa, kila walipokosana, lilirudi lile: ulimpa yaya mali ya nyumba. Mama Nila naye kila mara alijibu vilevile, kwamba angempa tena.

Kisha Nila akasema jambo ambalo nimelibeba kutoka Voi mpaka hapa benchini, na sijui niliweke wapi. Alisema mama yake alikuwa akijifariji hivi: Apolonia ni mwenye akili, atakuwa ameshaiuza. Atakuwa amenunua ng'ombe. Watoto wake watakuwa wamesoma.

"Na mlisoma," Nila akaniambia, ameshanisikia nikitaja ualimu wangu. Alisema kwa furaha. Hakuwa anauliza.

Mama, niliona mlango wetu, na Fausti amesimama. Nikasema, "Ndiyo. Mimi ni mwalimu." Nikanywa chai. Hakukuwa na sababu ya kumwambia mwanamke mwenye magoti mabovu kwamba zawadi ya mama yake ilikaa kwenye kopo wakati mtoto anabeba magunia. Haikuwa kosa lake. Nimefikiri sana tangu siku ile na sijapata ni kosa la nani.

Akanijazia kikombe, akaniambia kuna neno moja la Kichagga analijua, na hajawahi kupata wa kumwambia. Akasema, "Haika." Alipokuwa mdogo, walipofika Uhindini, kila akipewa chakula alisema haika, na bibi yake akakasirika kwamba mtoto anaongea vitu visivyoeleweka. Mama yake tu ndiye alijua kwamba mtoto anashukuru. Nikamwambia amelitamka vizuri. Alilitamka kama wewe, Mama, na ile sauti yako ya kuvuta mwishoni. Mimi mwenyewe silivuti hivyo. Nililifundishwa na Bibi.

Hapo ndipo alipoinuka kwa shida akaenda chumbani, akarudi na albamu ya picha yenye kamba. Akaifungua katikati, akaniwekea mapajani.

Sikukutambua. Niliona msichana amesimama barazani, gauni la mistari, mtoto mnene ubavuni, na msichana huyo anacheka kwa mdomo wote, kichwa amekirudisha nyuma, meno yote nje. Mama, sisi tulikujua umeziba mdomo kwa kiganja. Hata kwenye harusi yangu ulicheka hivyo, kwa sababu ya lile pengo la meno ya mbele. Fausti aliamini ni tabia ya wanawake wa zamani. Na kumbe kulikuwa na wakati ulicheka namna ile mchana kweupe mbele ya mtu mwenye kamera.

Nitakuambia ukweli nilichokisikia kwanza. Nilisikia wivu. Mtoto mgongoni mwa Bibi huku mlimani alikuwa mimi, na mtoto wa ubavuni mwako kwenye picha alikuwa mwingine, na ndiye aliyekuona unacheka. Nina wajukuu, Mama, na nilisikia hivyo. Nila alikuwa ananitazama. Akaitoa ile picha kwenye pembe zake za karatasi, akanipa. Nikasema siwezi, ni yako. Akasema ameitazama maisha yake yote, sasa ni zamu yetu. Kisha akamrudisha Mgeni kwenye satini, akamlaza kwenye kopo, akalisukuma upande wangu wa meza. Nilimwona alivyoacha vidole juu ya kifuniko kidogo kabla ya kuviondoa. Alikuwa anamtaka. Nikamwuliza kwa nini asibaki naye. Akasema, "Mama alisemwa kwa ajili ya zawadi hii mpaka anazeeka. Mimi nikiichukua leo, itakuwa bibi yangu ameshinda."

Kwenye kurudi, pale Holili, alikuwepo mkaguzi mwingine, kijana wa kiume. Akafungua kopo, akauliza nimenunua wapi. Nikafungua mdomo kusema kile tulichosema miaka yote, kwamba si yetu. Nikasema, "Ni ya mama yangu." Maneno manne tu.

Fausti alikuwa ananisubiri. Nilitaka nimwambie nikifika nyumbani, nikiwa nimetulia, lakini aliliona kopo kwapani mwangu. Akauliza, "Wamemkataa?" Nikapanda kwenye Kanta. Nikamwambia yote, kuanzia Holili hadi karibu na Himo, na nilipofika kwenye lile neno akaegesha pembeni akazima gari.

"Alisema weka," akasema.

"Alisema weka."

Malori yalikuwa yakipita na Kanta inatikisika. Akauliza tena, sauti ya chini, "Kwa hiyo siku ile yule mzee wa Arusha amekaa pale kwetu, ilikuwa yetu?" Nikasema ndiyo, ilikuwa ya Mama. Akawasha gari. Alinishusha Majengo, Moshi mjini, mlangoni kwangu, akaweka begi kibarazani, hakuingia hata kunywa maji.

Wiki zile, Mama, niliogopa. Sikulala vizuri. Simu zangu hakupokea. Mkewe aliniambia anakwenda kazini, anarudi, anakula, hasemi. Nilijiuliza kama ningenyamaza. Ningemwambia Nila amefariki, au kwamba Mgeni amebaki kwao, na Fausti angepumua kama alivyotaka. Lakini ningeishije na kopo lile chumbani kwangu huku najua.

Alikuja Jumapili moja baada ya misa, na mkungu wa ndizi begani. Akaketi, akala, akaniuliza kama Mgeni yupo. Nikamletea. Akakinga kiganja, nikamweka pale. Hakuwa amemtazama tangu alipokuwa mtoto, na sasa alivaa miwani ya kusomea, akasogea dirishani, akamtazama muda mrefu sana. Nilikwenda jikoni nikarudi bado anamtazama.

"Mdogo huyu," akasema. "Mimi nilidhani ni mtu mkubwa."

Akaniuliza aliishia wapi. Kwa bahati Nila alikuwa amenieleza. Yule mtoto hakutawala. Baba yake alipokufa, ami yake akakalia kiti, na kijana akaondolewa pale nyumbani. Inasemekana alizeeka akiwa karani wa stesheni ya treni, anakata tiketi, na wengi waliopokea tiketi mkononi mwake hawakujua ni nani. Fausti alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaanza kucheka, Mama, kicheko cha kutoka tumboni, mpaka akavua miwani. "Kumbe na yeye walimnyima kiti chake," akasema. "Na mimi nimemchukia huyu mtoto maisha yangu yote kama ndiye aliyekalia dawati langu."

Alipotulia akaniuliza swali. Naamini ndilo lililomleta. Aliuliza bila kunitazama, ameelekeza macho kwenye picha. "Dada, unadhani Mama angejua ni yake, angeiuza?"

Nikamwambia, "Asingemwachia yule mzee amalize chai kabla ya kuhesabu pesa."

Akatikisa kichwa, akatikisa tena. Machozi yalimtoka, hakuyafuta. Alinieleza kwamba siku ile mlangoni alichokiona ni mama yake anachagua. Kwamba mezani palikuwa na yeye na palikuwa na picha, na wewe ulichukua picha. Ulisema si yangu, yeye alisikia maneno lakini alikuwa mtoto, hakuamini kwamba mtu mzima anaweza kushindwa kuuza kitu kilichomo nyumbani mwake. Alidhani ulipenda kile kitu kizuri. Miaka yote hiyo, Mama, akipandisha mabati juu ya paa lako, alidhani hivyo. Na hakuna aliyejua kwamba ndicho anachodhani, kwa sababu sisi sote tulifikiri ana hasira ya shule.

Hasira ya shule bado anayo. Sitakudanganya. Alisema mwenyewe, kwamba hiyo itakaa, nayo ameizoea. Lakini ile nyingine imetoka. Nilimwona usoni.

Kisha nikampa picha yako. Nilikuwa nimeipeleka studio ikakuzwa. Aliishika kama alivyomshika Mgeni, akauliza huyu msichana ni nani. Nikamwacha atafute mwenyewe. Alipokutambua alisema tu, "Mama alikuwa na meno." Tukacheka wote wawili, na hakuna aliyeziba mdomo.

Mgeni sasa anakaa kwa Fausti. Nimempa mimi, kwa mikono yangu, na nimetumia maneno marefu ili pasiwe na utata: nimesema chukua, ni chako, fanya upendavyo. Amemtundika ukutani karibu na meza ya chakula. Mkewe angependa auzwe, na amesema wazi, ana mahesabu yake. Fausti hajajibu. Anasema kwanza wazoeane. Mimi sitamwuliza.

Sasa nakuaga, Mama, maana ng'ombe ananiita na mawingu yanashuka tena. Nina ahadi moja tu. Nila amenipigia juzi. Anataka kuja Krismasi, wakati watu wote wanapanda kwao. Hajawahi kufika huku juu, hata alipokuwa mtoto hakuletwa, na anataka kukuona ulipo. Fausti amesema atampokea Holili, amweke mbele kwenye Kanta na mito chini ya magoti. Ile sehemu ya utelezi juu ya kanisa tutamshika huku na huku, tutembee naye taratibu kati ya migomba mpaka pale penye vigae vyeupe. Nitamletea stuli ya jikoni akae karibu nawe. Nilipokuwa mdogo nisingekubali. Sasa nakuahidi, nikishamkalisha nitarudi jikoni kuchemsha chai, na sitaharakisha. Mtakuwa na mengi, na mengine si yangu kuyasikia.

Lala salama, Mama. Haika.

Mwanao,
Anisia